Pikipiki ya Mume wa Rhobi

Chini ya siti Maduhu alikuta kiota cha panya, na chini ya kiota, kadi ya pikipiki iliyofungwa kwenye nailoni. Aliifungua polepole. Jina la mwenye mali lilisomeka vizuri: Boke Nchagwa.

Akaitia mfukoni na kutazama barabarani. Hata yeye, Msukuma wa Bariadi aliyefuata dhahabu Tarime akaikosa, kisha akafungua gereji hapa Kenyamonta, alijua kuwa Boke ni jina la mwanamke. Muuza uji wa jirani aliitwa hivyo hivyo.

Lakini Rhobi, aliyeikokota Honda hiyo Jumatatu akiwa na mtoto mgongoni, alisema ni ya mume wake. Mume huyo alizunguka nayo Busawe nzima akichanja ng'ombe, mpaka alipovunjika nyonga. Miaka mitano sasa ilikuwa imelala kwenye banda la kuku. Jumapili mtoto anabatizwa, na mume ameapa kumpeleka kanisani kwa pikipiki yake mwenyewe.

Maneno matamu kama hayo Maduhu alishawahi kuyaamini. Mwaka juzi alitengeneza pikipiki ya wizi bila kujua, akalala mahabusu siku nne, na vifaa vyake vyote vikachukuliwa kuwa ushahidi. Vikienda tena, watoto wake kule Bariadi watakula nini?

Jumatano Rhobi alipopita kuulizia kazi, Maduhu hakuinua macho kutoka kwenye kabureta.

"Dada, Boke ni nani?"

"Ndiye mwenye pikipiki."

"Si ulisema ni ya mumeo?"

"Ndiyo, fundi. Ni ya mume wangu." Rhobi alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. "Wewe hujakaa sana huku, eti?"

Mwongo akibanwa hugeuza maneno, Maduhu akawaza. Akamchungulia mtoto, akauliza kama amefanana na baba yake.

"Na mume wangu? Hata ukucha hawafanani," alijibu Rhobi, akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kicheko hicho kilimkaa Maduhu rohoni. Mwanamke anayecheka jambo kama hilo, atashindwa kuficha lipi? Huenda huyo Boke aliibiwa. Huenda alifanyiwa mabaya zaidi. Asubuhi yake, kabla ya kushika spana, alipiga magoti nyuma ya gereji: "Bwana, nionyeshe mwenye mali hii, nisije nikala jasho la mtu."

Kisha akamwambia Chrispin, mgambo wa kata, aje Jumamosi kukamata mwizi. Jina hakulitaja, lisije likavuja. Kwa Rhobi akatuma neno: mume aje mwenyewe, na kitambulisho.

Kazi, hata hivyo, aliifanya kwa uaminifu, maana chuma hakina dhambi. Alisuuza tangi kwa petroli na kokoto mpaka kutu ikatoka, akabadili plagi, akafunga cheni mpya. Ijumaa jioni aliomba, akapiga kiki. Ya saba ikakohoa, ikawaka.

Jumamosi, Chrispin akiwa ameshakaa kwenye benchi, Rhobi alifika na bibi mmoja mwenye fimbo na kitambaa cheupe cha kwaya. Mwanamume hakuwepo. Maduhu akajua: ameletewa mama mkwe ili amlainishe.

"Shikamoo, mama. Mwanao yuko wapi?"

"Marahaba. Wa kiume Mungu hakunijalia." Bibi alipapasa tangi, akainama kuchungulia kabureta, akaguna kwa kuridhika. Kisha akatoa kitambulisho.

Maduhu alisoma, moyo ukamruka. Bwana alikuwa amejibu. Boke Nchagwa, mzima kabisa, mbele yake.

"Chrispin, simama. Mwenye pikipiki ni huyu mama. Aliyemwibia ni huyo mwenye mtoto."

Chrispin alisimama, lakini kirungu alikiacha kwenye benchi. Alimwamkia bibi kwa heshima zote, akamshikia fimbo.

"Kuniibia?" Boke alikwishapanda, akiisikiliza injini inavyonguruma, na Rhobi alikuwa anakaa nyuma yake. "Huyu ni mke wangu, fundi. Huku kwetu mwanamke asiyejaliwa wa kiume huoa mke. Nilimtolea ng'ombe kumi na wawili, na wote niliwachanja kwa mkono wangu huu."