Waranti Haihusu Maji

"Maji yapi?" Yustina aliuliza tena, na safari hii sauti yake ilifika hadi barabarani. "Anselm mwanangu, wewe unaishi Itigi hii hii. Maji ya kumwagia simu ningeyatoa wapi?"

Anselm, kijana mwenye duka la simu, hakucheka. Aliigeuza ile simu mikononi, akaitazama mgongoni ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Imeingia maji, mama Peniel. Na waranti haihusu maji."

Simu yenyewe ilikuwa haijamaliza hata msimu mmoja wa asali. Peniel, mwanawe wa pekee, utingo wa malori ya Tunduma, ndiye aliyemnunulia hapa hapa dukani alipopita kuwasalimia. Yustina aliitunza kama mboni ya jicho. Ililala juu ya kabati, ndani ya soksi mpya, mbali na moshi na mbali na kuku. Kila asubuhi, kabla lori halijaondoka, Peniel alipiga ile ya picha, mama akamwona mwanawe akipiga mswaki na kumtania.

Leo haikuita. Yustina alikuwa uani akichuja asali, mumewe Laurenti akamletea simu ikiwa nyeusi tii.

"Imezima," alisema. "Nimebonyeza wee, haiwaki. Twende kwa Anselm."

Laurenti alikuwa bingwa wa kesho. Mlango wa choo ulikuwa umening'inia tangu masika, na yeye akiupita tu. Lakini leo ndiye aliyemhimiza mkewe avae viatu. Na walipofika, alitangulia yeye kuingia, akanong'ona na Anselm wakati Yustina angali akijibu salamu za watu barazani.

"Haya, ifungue," Yustina alisema sasa. "Nioneshe hayo maji."

"Fundi hayupo, mama."

"Basi nipe simu yangu, nitaipeleka Manyoni."

Anselm aliitia simu kwenye droo. "Subiri kidogo. Nimempigia bosi wa Singida, huenda akakubali." Akamvutia kiti, akamfungulia soda ambayo hakuiomba.

Yustina hakuigusa. Roho ilimuuma. Jana Peniel alisema wangeendesha usiku kucha, na wakifika salama angemtajia siku ya kumleta mchumba wake nyumbani. Saa hizi alikuwa anapiga tu, masikini, akidhani mama anaumwa.

"Niazime yako basi, nimpigie mwanangu neno moja."

"Haina vocha, mama."

Yustina aliinua macho. Vocha zilining'inia ukutani kutoka darini hadi mezani, za kila mtandao. Akamgeukia mumewe.

"Baba Peniel, unamwacha mtoto huyu anifanye mjinga?"

"Subiri tu, mama Peniel," Laurenti alijibu, macho yakiwa sakafuni. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, hata Yustina akamwonea aibu. Mwanamume mzima, anamwogopa muuza simu.

Huko nje Scola, jirani yake, alikuwa akipita na sufuria kubwa kichwani, lile la kupikia shughuli. Scola hakuwahi kumpita Yustina bila kusimama na kumwaga umbea wote wa mtaa. Yustina alimwita. Scola aliinua mkono, akaongeza mwendo.

Hapo ndipo uchungu ulipomfika shingoni. Akamtolea Anselm maneno yote aliyokuwa nayo. Akamwita mwizi. Akasema wakishashika hela yako wanakuona mshamba, na kwamba Mungu anamwona, na kwamba mama yake mzazi angeona haya kumzaa. Kijana alisimama pale pale akiyapokea, midomo inamcheza, mpaka machozi yakamtoka.

Vizuri, Yustina aliwaza. Na aone aibu.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Aliingia Dorkas, dada yake mkubwa wa Kilimatinde, na nyuma yake wanawake wawili wa jumuiya. Yustina aliruka kutoka kitini kwa furaha, maana kwa ulimi wa Dorkas hata mkuu wa wilaya angerudisha simu.

"Shikamoo dada! Mungu kakuleta. Hebu mwambie huyu..."

Dorkas hakuitikia marahaba. Alimkumbatia, akambana kwa nguvu, na wale wawili wakasogea, mmoja huku na mwingine huku, wakamshika mikono.

"Peniel?" Yustina aliuliza polepole.

Laurenti alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Dorkas alimtazama kijana wa duka juu ya bega la mdogo wake.

"Asante, mwanangu, kwa kumzuia mpaka tukafika," alisema. "Sasa unaweza kuiwasha."