Kikohozi cha Baba Mkwe

Kisa alikichana kitenge chake cha harusi kwa meno, vipande vitatu virefu, akaketi barazani na kuanza kusuka kamba. Maji yalikuwa yameshameza jiko na banda la kuku. Kati ya nyumba yake ya matofali, iliyoinuliwa msingi, na nyumba ya mianzi na udongo ya baba mkwe wake kule chini, mto ulikuwa umejikatia njia mpya, unabeba migomba mizima na mizizi yake.

Mzee alikuwa ndani. Kisa alijua, kwa sababu alimsikia akikohoa.

Kikohozi ndicho kilichokuwa lugha yao. Tangu aolewe pale Ikolo hajawahi kumwona usoni baba wa mume wake, wala kulitamka jina lake, Zebedayo. Mzee akitaka kukatiza uani, anakohoa. Kisa anachuchumaa nyuma ya migomba na kujifunika kichwa mpaka hatua ziishe. Siku hizi wapo wanaoicheka mila hiyo, wanapeana mikono na wakwe zao mlangoni pa kanisa kama wajumbe wa kikao. Ukoo huu, thubutu. Mke anayemtazama mkwewe ameuvua nguo ukoo mzima, ndivyo alivyofundwa, na Kisa alikuwa mtu wa kufundika.

Wa kumwita hakuwepo. Gwamaka, mumewe, alikuwa Lyulilo, ziwani, na mitumbwi. Mama mkwe, bibi Naomi, alikuwa ameondoka asubuhi kwenda msibani Ngonga, amemshika mkono Neli, binti wa Kisa. Mtoto alilia mpaka kwenye kona ya mikakao: anataka kurudi kwa babu akamalizie mgono wake, mtego mdogo wa samaki ambao babu alikuwa anamfundisha kuusuka kwa fito za mianzi. Bibi hakuwa mtu wa kusikiliza vilio. Wakapotea kwenye kona.

Basi mikono ikasuka. Kitenge kikaisha, akachana shuka.

Siku moja Neli alimuuliza babu yake kwa nini nywele husukwa, mkeka husukwa, kamba husukwa, hata maziwa kwenye kibuyu husukwa, neno lile lile. Kisa alikuwa upande wa pili wa ukuta, akasikia jibu. Neno hilo, mzee alisema, lilianza kwa mtu mwenye vitu dhaifu tupu mikononi, kila kimoja kikivutwa peke yake kinakatika, akavifundisha kushikana. "Na maziwa, babu?" Hapo mzee akacheka tu. Kisa naye alicheka, amejiziba mdomo. Siku ile alimpenda baba mkwe wake, akatamani angalau mara moja amwone.

Kamba ilipotosha aliifunga kwenye nguzo ya baraza, na ncha ya pili kwenye dumu tupu, akalitupa. Mara ya kwanza maji yalilipeleka kwenye matope. Mara ya pili likazunguka, likagonga mlango wa mzee. Mkono ukatokea kulichukua. Kisa akageuka haraka, kabla uso haujafuata.

Akamsikia anaita. Aliita maneno mengi, na maji yakayala yote. Angemtazama mdomo labda angeelewa. Hakumtazama. Alisimama palepale, mgongo umeelekea mafuriko, analia kwa hasira, maana adabu nayo ina siku zake za kukera.

Kisha mzee akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto, taratibu, bila haraka yoyote. Kisa akasikitika. Aliona hofu imemrudisha mzee wa watu utotoni.

Kamba ikatikiswa mara mbili.

Kisa akaiweka begani, akaanza kuivuta huku akitembea kuingia sebuleni, kama mtu anayeburuza gogo, macho ukutani. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea. Kumbe uzee umemla hivi, aliwaza, na sisi tunamwekea sahani ya wali mlangoni tukidhani anakula. Viganja vikachubuka. Akavuta tu. Alimwomba Mungu kwa sauti, mafundo yasifumuke.

Kitu kimoja kilimsumbua. Kamba ilikuwa inakuja, lakini wimbo haukusogea.

Halafu nyuma yake kukasikika mshindo, kama magunia ya mpunga yaliyoachiwa kwa pamoja, na wimbo ukakatika. Amezama, Kisa akawaza, amezama mkononi mwangu. Akavuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, mpaka aliposikia mianzi inakwaruza ngazi za baraza na mtu akikohoa maji.

Akaachia kamba. Akachuchumaa papo hapo, akajifunika kichwa, akanyoosha mkono nyuma na kitenge kingine kikavu ili mzee ajisitiri kwanza.

"Ndaga, Bwana," alimshukuru Mungu, ameinamia sakafu. "Ndaga, ndaga."

Kitenge kikapokelewa. Vidole vilivyogusa vyake vilikuwa baridi, na vidogo.

"Mama," Neli akasema, bado amefungwa kwenye mlango wa mianzi wa babu yake, "nilimtoroka bibi. Babu amekuruhusu umtazame."

Kisa akageuka. Ng'ambo, pale ilipokuwa nyumba ya mzee, yalikuwepo maji tu.