Madume ya Marehemu Emery

Laurent hakupiga hata hodi. Alikunja mkono wa shati mpaka begani, akauzamisha ndani ya tangi la maji ya chumvi, akaanza kuwinda samaki wa watu, mchana kweupe, ndani ya saloni, sebule ya watu.

"Toa mkono humo!" Geneviève alifoka. "Uko na sabuni, uko na mafuta, utaniulia!"

"Nakuulia nini? Hii ni vitu ya ndugu yangu, Mama Ketsia. Weye ulizikuta tu hapa."

Alizikuta! Jamani! Matanga ya mumewe Emery yalimalizika Jumamosi, na hii ilikuwa Jumatatu. Gari lilikwishaenda. Friji ilikwishaenda, tena na nyama ndani. Ndugu yake alilala miezi miwili hospitali, na huyu shemeji hakufika hata na chungwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini leo kilikuja na ndoo.

Samaki wenyewe walikuwa wanne, rangi ya machungwa, na mistari mitatu myeupe, wale wanaoitwa poisson-clown. Jozi mbili. Emery aliwatoa Kampala ndani ya mifuko ya hewa, na chumvi yao kwa magunia, na Bunia yote ikamcheka: mutu mwenye ng'ombe kule kijijini Boga anafuga samaki wa kutazama! Katikati ya tangi alisimamisha kioo, jozi moja huku, nyingine kule. Kila upande mkubwa mmoja na mdogo mmoja.

Emery alipougua, ni Geneviève aliyepima chumvi na kuchunga betri ya sola ili pampu isizime. Hakuna kitu katika nyumba hiyo alichokijua kama alivyowajua hao wanne. Alikuwa ameapa: friji wachukue, samaki hapana.

Kitini alikaa Vital, chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, mzee mwenye miwani, ameitwa kuandika mgawanyo wa mali.

"Andika, Chef," Laurent alisema. "Kwetu inafanyikaka hivi: ya kiume inarudia ukoo, ya kike inabakia na mwanamuke. Ile mikubwa mbili ni madume. Nazibeba."

"Nani alikuambia..." Geneviève alianza.

"Nyamaza! Mimi nilikulia mu ng'ombe, weye utanifundisha fahali?" Aligonga kioo kwa kidole. "Chef, angalia ile kadogo. Iko napepea mayai na mapezi yake, haitoke pale. Mama ni ule. Na kale kengine, iko tu nyuma ya bwana yake."

Vital alisogea, akatazama, akakubali kwa kichwa.

Geneviève alikasirika mpaka meno yakamuuma. Alitaka kupiga kelele avenue nzima isikie. Badala yake alimgeukia mzee.

"Basi andika yote, Chef. Andika: ya kike ni yangu, kubwa ao ndogo, leo na kesho, na mutu wa ukoo asirudie kuigusa. Na yeye atie saini."

Laurent alicheka, akasaini bila kusoma. "Kaa na banamuke benzako!"

Alivua wale wakubwa wawili, akawatia katika ndoo moja. Akachota maji ya tangi, akabeba na gunia la chumvi juu yake, mwizi asiye na haya.

"Laurent, sikia," Geneviève alisema. "Usiziweke pamoja. Weka kioo katikati. Zitauana."

"Banaume bawili banapiganaka ju ya mwanamuke. Nimeacha banamuke hapa, vita imekwisha." Maneno hayo yalimpendeza sana, akayarudia mlangoni, akayarudia tena barabarani. Geneviève alimrushia kandambili. Ilimkosa.

Siku ya kumi na nne, Jumapili baada ya ibada, Laurent alimwita. Saloni yake ilijaa ukoo mzima, na Vital na karatasi zake. Tangi jipya lilisimama mbele ya mapazia, nusu yake maji ya Geneviève. Samaki mmoja alielea ubavu, mapezi yamechanika vipande vipande. Mwingine alikuwa chini kabisa, karibu na kigae kilichowekwa ndani kama pambo.

"Mulozi!" Laurent alipasuka kabla hajampa hata kiti. "Dume moja imeua ingine! Maji ni ile ile, chumvi ni ile ile, nini imebadilika kama hapana bulozi yako? Uliua ndugu yangu, sasa unamaliza na samaki yake!"

"Nilikuambia uweke kioo!"

"Munasikia? Alijua! Anakubali mwenyewe!" Ukoo ulinguruma. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti, mwingine akatema mate chini. "Mulozi hawezi kulala tena mu nyumba ya ndugu yetu. Leo leo atoke. Chef, andika!"

Basi ndiyo hiyo waliyoitafuta tangu siku ya kwanza: nyumba. Neno mulozi, mchawi, likishaandikwa, nani Bunia atampokea Geneviève na mtoto wake Ketsia?

"Andikeni!" alisema kwa hasira. "Lakini kwanza Chef aone na macho yake. Asiandike maneno ya kuambiwa."

Ilikuwa haki. Vital aliinuka, akafuta miwani kwa tai, akainama mbele ya tangi. Alimtazama aliyekufa. Kisha akamtazama aliye hai, akamtazama muda mrefu, mpaka kelele za ukoo zikapoa zenyewe.

"Papa Laurent," alisema polepole, bila kuinua kichwa, mkono ukiitafuta ile karatasi ambayo Laurent aliisaini bila kusoma. "Njoo uone. Fahali yako iko nataga mayai."