Safu ya Kiwanda cha Korosho

Sheria ilimruhusu mtu yeyote kuyasoma majalada ya idara ya kazi, lakini karani Shekue hakuwahi kumwona aliyeyaomba mpaka alipokuja Tunu, mtafiti wa chuo. Tunu alitaka malalamiko yote ya watu waliodhulumiwa mishahara. Meza haikutosha, basi akayapanga chini uani, kila mwajiri na safu yake.

Safu nyingi zilikuwa fupi. Ya kiwanda cha korosho ilianzia mlangoni, ikapita kisima, ikafika ukutani na kukata kona.

Bi Chausiku, mbanguaji wa kiwanda hicho, alikuwa kwenye foleni ya walalamikaji, barua yake ya malalamiko mkononi. Tangu asubuhi alikuwa akitamani kurudi nyumbani. Sasa akaifuata ile safu kwa macho mpaka ilipopotelea.

"Mwanangu, hawa wote ni wa kwetu?" akamuuliza Tunu.

"Wote, mama. Wengine waliandika kabla sijazaliwa."

"Na msimamizi kaniambia ni mimi peke yangu ninayelalamika."

Upepo ukavuma, majalada yakaanza kufunuka. Bi Chausiku akavua kandambili moja, akaiweka juu ya jalada la kwanza lisipeperuke. Nyingine akaiweka juu ya la pili. Foleni nzima ikavua viatu. Hata karani Shekue akatoka, akainama kufungua kamba za vyake.

Upepo ukatulia. Viatu vilikuwa vimejipanga kutoka konani hadi mlangoni, kama umati uliosimama kimya, wote wakiuelekea mlango mmoja.