Baba Ameokoka

Ndara zile hazikuwa saizi yake. Zilikuwa za kiume, mpya, bado zimefungwa pamoja kwa uzi, na Spika alizibana kifuani akipanda ngazi za hospitali huku anacheka na machozi yanamtoka. Mlinzi alimpisha bila swali. Mtu anayecheka hivyo hospitalini, unamwanzia wapi?

"Ameokoka!" Shangazi alikuwa amepaza sauti kwenye simu, nyuma yake magurudumu ya vitanda yakipiga kelele. "Mwanangu, baba yako ameokoka! Njoo hospitali kubwa!" Halafu simu ikakatika.

Ameokoka! Na mtaa mzima ulikuwa umeshamzika. Mtungi wa gesi ulipolipuka pale karakana asubuhi, bati liliruka hadi kwa jirani, na fundi mwenzake baba, ambaye alikuwa ametoka kununua vocha, alikaa chini barabarani akisema, "Mle hatoki mtu." Spika alipofika, gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka, Shangazi ndani yake, na hakuna aliyejua limeelekea wapi. Alichokikuta ni miwani ya kuchomelea, kioo kimepasuka, mkanda umeungua.

Tangu hapo alikuwa anasikia sauti. Si ya shetani. Shetani angemjibu, mistari ya Biblia anayo tayari. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Sauti hiyo mtaa unaijua, maana ndiyo iliyompa jina. Siku vipaza sauti vya kanisani vilipoharibika walimsimamisha yeye mbele, na waliokaa nyuma hawakugundua tofauti. Alihubiri sokoni, alihubiri kwenye foleni ya maji, alimhubiria hadi daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Na ukweli alikuwa nao, hilo hata waliomkimbia walikubali. Ila aliurusha kama jiwe, halafu akashangaa kwa nini watu wanainama.

Baba yake hakuinama. Baba alitania.

"Baba, hapa unacheza na cheche tu," Spika alimwambia siku moja pale karakana, mbele ya wateja. "Moto wenyewe unakungoja!"

Baba akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Huko kuna geti?"

"Lipo! Na ukishaingia hutoki!"

"Basi lazima kuna fundi wa mageti. Niombee hiyo kazi, mama."

Wateja walicheka hadi mmoja akashika mbavu. Spika hakucheka. "Utakufa na mzaha huohuo mdomoni," alisema.

Baba alishusha miwani taratibu, na hakuna aliyeyaona macho yake. Hawakusemezana tena.

Sasa *moto unakungoja* ilikuwa inamfuata kwenye ngazi, nyuma yake hatua moja, na yeye anaifukuza: ameokoka, ameokoka, ameokoka. Atampigia magoti. Atamvalisha ndara kwa mikono yake. Atamwacha atanie mpaka achoke.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, nje ya mlango uliofungwa. Saa ya baba ilikuwa mkononi mwake. Humo ndani hawataki vyuma, Spika alijiambia. Nesi aliyepita akamgusa bega.

"Pole, dada."

"Tumeshapoa!" Spika akajibu, meno yote nje. Nesi aligeuka kumtazama mara ya pili.

Na huyu Shangazi naye walishavurugana. Dada huyu wa baba alikuwa na kawaida ya kumpelekea kaka yake chai karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakaongea habari za mvua na za magoti yanayouma. Alisali kwenye kanisa lisilo na ngoma wala gitaa, ambalo Spika alisema watu wake wamepotea huku wamesinzia.

"Chai haimwokoi mtu, Shangazi," alimwambia mara moja. "Unamficha ukweli."

"Simfichi, mwanangu. Nangoja ameze kwanza."

Spika akaweka ndara chini, akapiga magoti mbele ya benchi. "Anaumia sana?"

"Hapana. Sasa hivi hana maumivu hata kidogo."

"Alinitaja?"

"Kabla ya kitu kingine chochote. Alisema hana kinyongo na wewe. Akasema, 'Mwambie alichosema ni kweli. Ila alikuwa anasemea karibu mno na sikio.'"

Spika alicheka, akafuta pua kwa kiganja. Huyo ndiye baba. Huyo ndiye yeye kabisa.

"Halafu akaniuliza, 'Dada, huyo Yesu unayekuja naye kila siku bila kunitajia, anapokea fundi aliyechelewa kazini?' Nikamwambia anapokea. Nikamshika mkono mahali palipokuwa pazima, tukasali. Maneno machache tu, maana pumzi ilikuwa ndogo. Lakini amina aliisema mwenyewe, mwanangu. Nimeisikia."

Spika aliruka juu. Korido nzima iligeuka. Ile sauti ilikuwa imerudi, na safari hii haikumtisha.

"Shangazi! Kumbe ni mara mbili! Kwenye moto ametoka hai, na kwa Yesu ameingia! Baba yangu ameokoka mara mbili siku moja!"

Shangazi alimtazama, midomo ikitikisika, kama mtu anayerudia moyoni alichokisema kwenye simu, neno kwa neno. Kisha akamvuta, akamkalisha karibu naye.

"Mara moja, mwanangu," akasema. "Mara moja tu."