Ya Kwanza Ilikuwa Bora

"Kata!"

Mwongozaji alipaza sauti mpaka jaji wa kati akashtuka na kofia ikamteremkia machoni. Walimwita Mzee Kata, na siku hiyo alikuwa amelitamka neno lake hadi koo limemkauka.

"Bwana mdogo," alimwambia kijana aliyesimama kizimbani na sare ya koplo, "pale pameandikwa nini?"

Nyuma ya kamera palikuwa na ubao wenye herufi kubwa kama za darasa la kwanza: NILIHONGWA. NIMELIKOSEA JESHI. NAOMBA MSAMAHA.

"Nimepaona."

"Basi soma!"

"Sisomi."

Haya sasa! Tangu asubuhi kazi imekwama hapo hapo. Mengine yote yalikuwa tayari: madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, taa zinachoma, bendera imefuliwa, majaji watatu wameonywa wasipige miayo. Hadithi yenyewe wala haikuwa ngumu. Koplo anaamriwa kuwapiga risasi wanawake waliokaa barabarani kudai maji. Anaweka bunduki chini. Anapelekwa mahakama ya kijeshi. Kila mtu humo ndani aliijua mwanzo hadi mwisho, maana ile ya kwanza ilikuwa imejaa kwenye simu za watu kila kona.

Na balaa lilianzia hapo. Ile ya kwanza, tuseme ukweli, ilipigwa ovyo. Kamera moja, tena inatikisika. Feni inakoroma mpaka mwendesha mashtaka hasikiki. Lakini wapi! Mshtakiwa alipoinua kichwa na kusema, "Nilikataa, na mkinipa amri ile leo nitakataa tena," watu walisimama ukumbi mzima, wakatoka nje wanalia na kucheka kwa pamoja. Marudio haya yalikuwa na kila kitu isipokuwa hicho.

Dada wa poda alipanda kizimbani kuufunika vizuri uvimbe wa shavuni kwa koplo.

"Siku zote ya kwanza ndiyo tamu," alimnong'oneza. "Lakini wewe soma tu, kaka yangu. Tumalize, twende nyumbani."

"Wewe utaenda, dada," koplo alisema, akamgeuzia shavu amalize.

Kanali, aliyeiagiza kazi hiyo na kuilipia, alikuwa kwenye kiti cha mto pembeni. Alikohoa kidogo tu, na Mzee Kata akamkimbilia.

"Nataka watu wakiiona hii waisahau ile," Kanali alisema. "Mkumbushe ahadi yangu. Akisoma, anapata."

"Ahadi nimeisikia, afande," koplo alidakia. "Kwa bei hiyo, kaa nayo."

Mpiga picha alijifanya anafuta lenzi ili asionekane anacheka. Mzee Kata aliona, akapandwa na hasira.

"Sikiliza! Marudio yasiyobadilisha kitu ni kazi bure. Ile ilikuwa ya shujaa, sawa, ikapigiwa makofi. Hii ni ya mtu anayejuta. Watu wanampenda mtu anayejuta!"

"Anajuta nini?"

"Usinichimbe, bwana! Kazi yangu kuelekeza, yako kusema." Akageukia benchi la mbele, alipokaa mama wa mshtakiwa na kanga yake begani. "Na wewe mama, utuonee huruma. Katika ile ya kwanza mama alipiga kigelegele. Safari hii analia. Akisema tu 'naomba msamaha', wewe unaangua kilio."

"Kwa lipi?"

"Kwa uchungu wa mama!"

"Uchungu ninao, baba," mama alijibu taratibu. "Machozi ya kukupa wewe ndiyo sina."

Mzee Kata alishika kiuno. Alikuwa ameongoza filamu nyingi na kugombana na waigizaji wa kila aina, lakini watu wagumu kama hawa hakuwahi kuwaona.

"Haya. Mara ya mwisho. Kimya! Anza!"

Jaji wa kati alirekebisha kofia, akasoma: "Mshtakiwa, una neno?"

Koplo alikodolea macho ule ubao. Jasho likaipasua poda. Dada wa poda alifumba macho akaomba Mungu. Midomo ya koplo ikafunguka. "Nili..." Kanali akainuka nusu kitini.

"Nilikataa," koplo alisema, sauti imetulia kabisa, "na mkinipa amri ile leo nitakataa tena."

Kigelegele cha mama kilipasua ukumbi. Fundi wa taa akajikuta amepiga makofi, kisha akaficha mikono mifukoni kwa hofu. Moyo wa Mzee Kata ulimruka, na alimchukia kijana yule kwa kuurusha.

Akamwendea Kanali kwa unyenyekevu. "Afande, kijana amechoka. Tumpumzishe, turudie kesho."

"Kesho ipi?" Kanali alivaa kofia yake. "Nilimwambia asome, aishi. Hukumu aliyosomewa jana humu humu inatekelezwa alfajiri."

"Basi," koplo alisema kutoka kizimbani, "watu watabaki na ile ya kwanza."