Kuhesabu Hadi Tatu

Katibu wa klabu yetu ya marubani alibonyeza kitufe cha redio, akauomba mnara ruhusa ya kuruka, akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kisha akashukuru. Pembeni yake mkaguzi wa leseni, naye kavaa hedifoni zake, aliandika kitu kwenye daftari bila kuinua macho.

Kuhesabu kulikuwa siri ya katibu na mkewe. Masikio yalianza kumgomea mwaka juzi. Mwanzoni alidai watu wa siku hizi wananong'ona, baadaye akadai redio za siku hizi ni mbovu. Mkewe alipomwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, yeye alisikia "dawa" tu, akajibu ameshakunywa.

Ubaya ni kwamba yeye ndiye anayeandika jarida la klabu. Mweka hazina alimwambia amefunga duka. Jarida likampongeza kwa kufunga ndoa. Mke wa mweka hazina, aliyekaa naye miaka thelathini, alikuja klabuni na jarida mkononi kuuliza bibi harusi ni nani. Katibu aliomba radhi, akaisingizia kompyuta.

Jarida lina masahihisho, leseni haina. Nje ya banda la ndege kuna benchi, na hapo hukaa wanachama waliofeli ukaguzi. Wanakunywa chai, wanatoa maksi kwa kila anayetua, na wao wenyewe hawaruki tena. Katibu aliwacheka miaka mingi. Siku hizi aliona wameanza kubanana, kama watu wanaomwachia mwenzao nafasi, na hilo lilimtisha kuliko dhoruba yoyote aliyokutana nayo angani. Ukimwondolea ndege, alikuwa fundi cherehani mwenye miwani, basi.

Ndiyo maana walifanya mazoezi jikoni. Mkewe alikuwa mnara huku akipiga pasi. Yeye alikuwa rubani juu ya kigoda. Mkewe alimweleza, kwa sauti iliyowafikia hadi majirani, kwamba mnara husema mambo yaleyale kila siku: upepo unatoka wapi, utumie njia ipi, ruhusa unayo. Upepo atauona mwenyewe kwenye ule mfuko wa kitambaa ulioning'inia mlingotini. Njia ni moja tu. Kilichobaki ni kuhesabu hadi tatu ili mwenzake amalize, halafu ajibu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Na bahati ilikuwa upande wake. Mkaguzi huyu alisifika kwa ukimya. Maswali yake alikuja nayo yameandikwa, akataka majibu kwa maandishi vilevile. Ndani ya ndege alitumia kidole: pinda huku, panda, shuka. Marubani wengine walikiogopa kidole hicho. Katibu alitamani kukibusu.

Hata mwenyekiti alionekana kuwatakia heri. Ndege ilipoanza kusogea alitoka ofisini mbio, anapiga kelele na kurusha mikono. Katibu alimwonyesha dole gumba. Mkaguzi naye akamwonyesha dole gumba. Wakaruka.

Huko juu mambo yalikwenda kama jikoni. Katibu aliuliza, alihesabu, alijibu. Mara moja alifika hadi nne, akajilaumu kwamba sasa anajitia ufundi. Walipopita karibu na mnara walimwona mwongoza ndege amesimama barazani anapunga bendera nyekundu kwa nguvu zake zote. Mke wa mwongoza ndege alikuwa amejifungua mapacha wiki ile, na katibu akaona ni haki yake kufurahi. Alimtikisia mbawa. Mkaguzi alimpungia mkono kupitia dirishani.

Katibu aliomba ruhusa ya kutua, akahesabu, akashukuru, akashuka. Magurudumu yaligusa ardhi taratibu hata yeye mwenyewe akashangaa, maana kwa kawaida ndege hiyo aliitupa chini kama gunia la viazi. Pale kwenye benchi wazee wote walisimama. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili ya kutua kwake, na machozi yalimlengalenga.

Injini ilipozimwa, mkaguzi alivua hedifoni, akatia saini, akampa mkono.

"Nimekagua marubani wengi," alisema kwa sauti kubwa, kama anayehutubia mkutano. "Wengi wana pupa ya kujibu. Wewe unamsikiliza mwenzako mpaka amalize."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ambayo katibu aliyasikia vizuri tangu asubuhi. Aibu ilimpitia, akataka kusema ukweli, lakini furaha ikamziba mdomo. Alikuwa na leseni. Benchi lingemsubiri mwaka mwingine mzima.

Waliposhuka walimkuta mwongoza ndege amefika mbio, anahema, bendera bado mkononi. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, ameshika kiuno.

"Wazee wangu," mwongoza ndege alisema, "umeme umekatika tangu alfajiri. Redio ya mnara haifanyi kazi, kiwanja tumekifunga. Ruhusa ya kuruka na kutua mmepewa na nani?"

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, akampa yule bwana mkono wa pongezi. Kisha akamgeukia katibu.

"Samahani, ndugu yangu," aliuliza kwa sauti ileile ya mkutano, "amesema nini?"